Kigugumizi, Maana ya Kwanza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza kadi za maneno katika ofisi yetu ya kamusi, karani mkuu wa kadi, ambaye sote tunamwita Bi Kadi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wenzetu wenye ufasaha mkubwa walikuwa na shughuli nyingi, kwa hiyo kazi ya kuandika wasifu huu imemwangukia aliye mgeni kuliko wote ofisini.

Kila neno la kamusi lina kadi yake, na kila kadi imepita mikononi mwa Bi Kadi. Amezipanga, amezifuta vumbi, na mvua zinapoanza amezihamisha kutoka chini ya paa linalovuja, ambalo wakuu wanne wa idara wameahidi kuliziba. Ana kigugumizi tangu utotoni. Ofisi yetu, kwa jinsi inavyojali lugha, ilimpa chumba cha nyuma, kisicho na simu.

Siku yake ya tatu kazini, akipanga droo ya K, alijikuta humo. Kadi ilisema: "Kigugumizi: kasoro ya mtu asiyejua kusema." Alimpelekea mkuu wa wakati ule kipande cha karatasi chenye maneno matatu: "Kusema najua sana."

Mkuu alicheka. "Basi andika ya kwako, dada, uje utusomee."

Kwetu sheria ni moja: maana ya neno haigongwi muhuri mpaka aliyeiandika aisome mwenyewe, kwa sauti, mbele ya kikao cha Alhamisi. Bi Kadi aliandika yake wiki hiyohiyo. Ikalala katika droo ya "Zinazosubiri" miaka yote hii, huku matoleo mawili ya kamusi yakichapishwa na kuwafundisha watoto wa shule kwamba yeye hajui kusema.

Si kwamba hakusaidiwa. Ofisi nzima ilimmalizia sentensi zake. Akianza kuomba ngazi, aliletewa chai. Nyumbani, mumewe, fundi cherehani mwenye upendo mwingi, humsaidia vivyo hivyo; ndiyo maana madirisha yao yana mapazia ya kijani, rangi ambayo Bi Kadi hakuwahi kuitaka.

Alhamisi iliyopita ilikuwa nafasi yake ya mwisho, kwa kuwa wiki hii hakuna kikao. Toleo jipya linakwenda kiwandani wiki ijayo, na kadi ya anayestaafu bila kuisoma huondoka naye. Kikao kilianza kwa hotuba fupi ya ufunguzi, dakika arobaini, kikaendelea kwa saa nzima kuhusu nani anamaliza sukari. Zamu ya Bi Kadi ilipofika, mkuu wa idara alitazama saa.

"Lete nikusomee, Bi Kadi. Muda umetuishia."

"Nitasoma mwenyewe."

Maneno hayo mawili yalichukua muda wake, na safari hii hakuna aliyeyamalizia. Akavaa miwani, akasimama, akasoma kwa dakika tisa. Kadi aliishika kwa mikono miwili. Ilisema hivi:

"Kigugumizi. Kwanza: hali ya kukwama au kurudia sauti wakati wa kusema, kwa mtu anayejua vizuri anachotaka kusema. Pili: kukosa jibu, kwa mtu ambaye siku zote husema bila kukwama. Mfano: Mkuu wa idara alishikwa na kigugumizi alipoulizwa paa litazibwa lini."

Mtu mmoja alikohoa. Mkuu wa idara aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Wasemaji wetu wote, ambao dakika chache kabla walikuwa na mengi sana kuhusu sukari, waliangalia meza. Ilikuwa maana ya pili, wazi kabisa. Mkuu akauvuta muhuri, akaugonga mwenyewe. Mfano haukubadilishwa hata neno.

Asante, Bi Kadi, kwa kadi zote ulizozilinda na mvua, na kwa ile moja uliyoilinda na sisi. Tunakutakia mapumziko mema, afya njema, na mapazia ya rangi uipendayo. Ukitaka kutuambia ni rangi gani, sherehe ni saa nane mchana, chumba cha mikutano. Tutakaa kimya mpaka umalize.