Kiwanja Kilichopakwa Njano

Ngu! Ngu! Ngu! Sururu ya mumewe ililia usiku wa manane kiwanjani, maana mchana yuko kazini na msingi wa nyumba haujichimbi, na kila ilipolia Mama Kichanga alijikunyata na mwanawe kifuani kana kwamba anachimbwa yeye. Kulipokucha hakuweza tena kuificha siri aliyotoka nayo kazini jana. Akambeba mtoto mgongoni, huyo, hadi benchi la kona penye kahawa, ambako watatu hawakosekani: Redio, mzee asiyejua kunyamaza, Dalali, muuza viwanja, na Kipimo, fundi mwashi, ndiye wa kuwamwagia zege kesho.

— Shemeji, umeona jini? akauliza Kipimo. Mbio zote hizi za nini?

— Afadhali jini! Msinikatize, nikikatizwa nalia. Mnaijua ile ofisi ya wataalamu wa ardhi ninayofanya usafi? Jana napiga deki, nainua macho, ukutani ramani ya dunia nzima, miaka hamsini ijayo! Nyekundu nyumba, kijani msitu, njano mashamba. Chini wameandika joto linazidi, mvua inahama, midomo inaongezeka, basi na ardhi itabadilishwa kazi. Nikatafuta kwetu. Njano! Njano tupu! Hakuna nyumba, hakuna barabara, hakuna hata hili benchi!

Redio alipapasa ubao aliokalia.

— Hata benchi? alinong'ona.

— Hata benchi, baba.

— Si nilisema! Redio akajipiga paja. Watakuja wenye matumbo makubwa, watufanye shamba lao la mimea ya mafuta ya magari. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone vipi, mzee, naye anafukuzwa? akauliza Kipimo.

— Methali haikosolewi, kijana!

Dalali alishajisogeza.

— Mimi nahamia kwenye barafu, kule ncha ya dunia. Nauza viwanja sasa hivi. Ikiyeyuka, mteja anakuta udongo mweusi, haujaguswa. Haba na haba hujaza kibaba: kila tone likidondoka, kiwanja kinaongezeka.

— Na hati?

— Imegandia humo humo.

— Mimi najenga kwenda juu, akasema Kipimo. Chini mahindi, katikati watu, juu ya paa viazi.

— Na ng'ombe?

— Wana ngazi yao.

— Mnacheka! Mama Kichanga alifoka, mtoto akashtuka mgongoni. Mume wangu viganja vimemchubuka, anachimba mwanawe apate pa kulala, na mimi najua watu watalima sebuleni kwake! Nimwambie? Nisimwambie? Kesho mnamwaga zege!

Pembeni alikuwa amesimama mama muuza sabuni, mgeni mtaani, ndoo kichwani, akingoja kahawa yake.

— Samahanini, mimi mpita njia tu. Ramani ilikuwa moja?

Mama Kichanga alifumba macho. Ukuta mzima ulimrudia machoni.

— Zilikuwa… Mungu wangu, zilikuwa tano! Zimepangwa mstari mmoja, mwaka ule ule. Mimi niliiona ya mlangoni, nikaacha ndoo na tambara, nikakimbia.

— Hizo nne, hapa kwenu zimepakwa rangi gani?

— Sikuangalia. Kila moja ilikuwa na maneno juu. Yangu iliandikwa, "Watu wakiendelea hivi hivi."

— Haya, akasema mama muuza sabuni, akipokea kikombe. Basi hizo nyingine ni za watu wakibadilika. Nani hapa ameacha kuendelea hivi hivi?

Redio alimtazama Dalali, Dalali akamtazama Kipimo, Kipimo akatazama kucha zake zilizokaukiwa na saruji. Jana Mama Kichanga aliogopa rangi ya ukutani. Sasa aliwaogopa hawa waliokaa mbele yake, akajiogopa na yeye mwenyewe.

— Msimwambie mume wangu, alisema. Mwacheni amalize msingi wake. Msimwambie mtu.

— Kwangu limefika mwisho, shemeji, akasema Kipimo.

— Na mimi pia, akasema Dalali.

Redio aliweka kiganja kizima kifuani, kwa mara ya kwanza bila utani.

— Haki ya nani, mwanangu, hili halimfikii mtu mwingine yeyote.