Kidawa binti Matar, Aliyezaliwa na Moto Mdogo

"Kwenye taazia hii liandikwe neno shemeji," alisema Bi Mwanakheir, shangazi wa marehemu. "Mwanangu Bakar si kamchumbia Mwanapili, mdogo wake marehemu?"

"Haliandikwi hilo," alijibu mama yake, Bi Time, bibi wa watoto wote hao. "Maiti yumo ndani, nawe wanukia udi wa harusi. Ngoja tufike huko."

Basi yakatangulia haya.

Marehemu Kidawa alizaliwa Mangapwani, Ijumaa tarehe 11 Aprili 1952, katikati ya masika. Wazazi wake, Matar na Mwatima, ni watoto wa ndugu. Bibi yake huapa kwamba alfajiri ile majogoo wote waliwika kwa kunong'ona.

Alisoma kijijini hadi darasa la sita. Masikio yalipoanza kuziba, akajifunza kusoma midomo, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumsengenya, hata ng'ambo ya uwanja.

Mwaka 1968 alipata kazi Kizimbani, kupalilia miche ya mikarafuu. Alichoka kabla ya wenzake. Alikuwa akilala kivulini, kisha akiamka na kusimulia mji alioutembelea, ambako watu hupanda ngazi bila ya kuhema na jasho lao linanukia mdalasini.

Hakuolewa. Posa ilipotoka Tumbatu alisema, "Mwambieni nishachoka kabla ya kupika."

Mwaka jana moyo wake ulitanuka. Daktari mmoja wa mjini alieleza kwamba kila chembe ya mwili ina jiko lake. Bi Time akafahamu hivi: kila jiko lina mbuzi ya kukunia nazi, na ya Kidawa ilipungua msumari mmoja. Mbuzi ikiyumba, tui halitoki, na chungu hakichemki.

"Ugonjwa huu kaurithi kwa nani?" alimwuliza daktari.

"Kwa baba na kwa mama. Mwenye kasoro ya upande mmoja haumwi, wala hajijui. Kasoro mbili zikikutana, mtoto ndiye huchoka."

Kidawa alifariki Jumatano tarehe 3 Machi 1971, kichwa chake kikiwa pajani kwa Mwanapili.

Ameacha baba, mama, bibi, shangazi, mdogo wake Mwanapili, na Bakar...

"Shemeji," alisema Bi Mwanakheir. "Mama, sisi twaoana hivi tangu na tangu."

"Na twazika hivi tangu na tangu, mwanangu."

Bakar akaingia, katoka kuchimba kaburi, udongo mikononi.

"Andikeni kaka," alisema. "Mie na Mwanapili tushakubaliana, hatuoani."

...na kaka yake, Bakar.

Mola amlaze Kidawa pahala pa raha.