Mzee Chapchap Upande wa Pili wa Dirisha

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kukimbia kwenye korido moja, fundi wetu mkuu wa maabara, ambaye sote tunamwita Mzee Chapchap, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Sherehe ya kumuaga itafanyika saa nane mchana kwenye ukumbi wa mikutano. Viti vimeagizwa vya kutosha, ingawa tunajua yeye hatakaa. Mwandishi wa maneno haya amegawana naye meza, sinki na friji kwa miaka kumi na sita, na hajawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi.

Alianza kazi pale dirishani, kama mpokeaji wa vipimo. Wengi waliikimbia kazi hiyo, kwa sababu vinavyopokelewa pale ni vikopo vya choo kikubwa. Watu huja na kikopo kimeviringishwa gazeti, gazeti limo ndani ya mfuko, mfuko umo ndani ya mkoba, na wenyewe wananong'ona kana kwamba wameiba. Mzee Chapchap aliwauliza habari za choo kama muuza duka anavyomuuliza mteja anataka sukari kiasi gani, na aibu ikaishia hapo hapo. Wengi waliogundulika mapema kuwa na saratani ya utumbo mpana walianzia dirishani kwake. Wapo ambao mpaka leo humpigia simu kumjulia hali, naye huwajibu huku anatembea.

Jina la Chapchap alilipata alipoongezewa kazi kwenye kona yetu ya utafiti. Huko tunachunguza bakteria wanaoishi tumboni na uhusiano wao na saratani hiyo. Yupo mmoja mwembamba, amechongoka ncha zote mbili, sisi tumembandika jina la Sindano. Makazi yake ya kawaida ni kinywani, kwenye fizi, lakini mara nyingi hukutwa ndani ya uvimbe wa utumbo mpana, tena kwa wingi kuliko kwenye nyama nzima iliyo kando yake. Balaa ni kwamba hewa hii tunayovuta sisi humuua. Kwa hiyo kipande cha uvimbe kikitoka chumba cha upasuaji, lazima kifike maabara upesi, kipandwe kwenye visahani, na visahani vifungiwe ndani ya mtungi usio na oksijeni. Basi korido nzima ikawa inasikia: "Pisha! Chapchap! Pisha!" Amegonga toroli la chakula, amegonga wauguzi, na safari moja alimgonga mkurugenzi, akamwomba radhi bila kusimama.

Kinachochekesha ni kwamba ukishamaliza mbio hizo, unatakiwa kungoja. Mtungi hukaa siku kadhaa umefungwa, na hakuna ruhusa ya kuchungulia. Daktari mmoja mgeni aliwahi kuinua kifuniko aone kidogo tu, na bakteria wetu wakafa wote. Mzee Chapchap hakugomba. Alichukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa, UNAFUNGUA UNATAFUTA NINI? SUBIRI, akaibandika kwenye mtungi. Imedumu hapo miaka yote, sisi tukiiongezea gundi tu.

Hata hivyo, yeye mwenyewe kusubiri kunamtoa jasho. Swali letu kubwa halijapata jibu kamili na linamkera kama kokoto kwenye kiatu. Husema kwamba Sindano tumemkuta kwenye nyumba inayoungua; sasa ndiye aliyewasha, au amekuja kuota moto? Wenzetu wa fani hii wana ushahidi kwamba huenda anauchochea moto huo. Kuuwasha ni habari nyingine. Anastaafu bila kujua, na ameshatuambia kwamba atakuwa anapiga simu kila wiki kuuliza. Tunamwamini, na tunaomba radhi mapema kwa wafanyakazi wa mapokezi.

Mtu huyu ambaye hakuna aliyemtia haya dirishani alikwama kwa mtu mmoja tu: mama mkwe wake. Miaka sita iliyopita bibi huyo alianza kukonda, na mkewe Chapchap, yaani shemeji yetu, akaja kutunong'oneza kwamba mama anaona damu chooni. Mkwe mtu angemwambiaje mama wa mkewe alete choo? Alimpa mkewe kikopo, mkewe akampelekea mama yake, na wiki iliyofuata kikakutwa jikoni kwa bibi kimejaa chumvi. Cha pili kikatiwa vifungo vya nguo. Bibi hakuwa mjinga. Alishauliza kikopo kitapita mikononi mwa nani, na alipojibiwa, akafunga mjadala.

Wiki zile Chapchap hakuwa na raha, nasi hatukuwa nayo. Alipanga upya makabati yaliyokuwa yamepangwa, alisugua sinki safi. Mwisho akaja na mpango. Ilitangazwa nyumbani kwamba Jumatano atakuwa na kazi jengo jingine, na kikopo nitakipokea mimi. Bibi hakungoja, akaja Jumanne. Nilimwona kupitia kioo anapanda ngazi. Mzee mzima, fundi mkuu, akaruka akachuchumaa nyuma ya friji.

"Mkwe wangu hayupo?" bibi akauliza.

"Hayupo, mama."

"Haya. Shika, mwanangu, wala usimwambie."

Alinipa huku ametazama ukutani. Hapo nyuma ya friji pakatoka chafya. Bibi akanitazama, akalitazama friji, akasema kwa uso mkavu, "Hilo friji lenu lipelekeni hospitali, lina mafua." Kisha akaenda zake.

Kipimo kilionyesha damu. Kamera iliyoingizwa utumboni ikaonyesha uvimbe, bado mdogo, na daktari mpasuaji akautoa wote. Bibi alikubali kwa hiari kipande kiende kwenye utafiti. Kwa sababu ya ukwe Chapchap hakuruhusiwa kukishughulikia, ila mbio hakuna aliyemzuia, akakimbia korido nzima mikono mitupu nyuma ya mwenzake aliyekibeba. Siku zilizofuata nilimkuta mara mbili mkono wake uko juu ya kifuniko cha mtungi. Nilimwonyesha karatasi yake mwenyewe, akautoa. Mtungi ulipofunguliwa, Sindano alikuwa ameota vizuri. Hilo halikubadili matibabu ya bibi hata kidogo, na Chapchap alilijua hilo kuliko sote, lakini siku ile alisimama mbele ya kisahani macho yamemjaa maji, akasema tu kwamba Sindano ameshiba sasa, amfuate mtu mwingine.

Bibi alipona. Alipokuja kwa uchunguzi wa kwanza wa marudio alipita mbele ya dirisha langu, akaenda moja kwa moja kwa mkwe wake, akamwekea kikopo mkononi. "Pokea, mkwe. Na mwaka ule viatu vyako vilikuwa vinaonekana."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye pia alicheka, lakini akiwa amesimama.

Ningeweza kuishia hapo, ukurasa ungetosha. Lakini mwezi huu bibi alikuja tena, na wakati anasubiri cheti chake cha majibu akamuuliza mkwe wake mbele ya foleni nzima: "Na wewe chako unampa nani?"

Chapchap akashika kitambaa, akaanza kupangusa dirisha. Akataja mtungi, akataja makabidhiano ya ofisi, akataja kwamba akishastaafu atakuwa na nafasi. Ukweli ni kwamba miaka yote hiyo hajawahi kujipima, kwa kuwa wa kupokea tungekuwa sisi, nasi anatuona kila siku. Nilikasirika siku ile, na hasira haijaniisha. Bibi hakukasirika. Alikunja cheti chake, akasema, "Kesho asubuhi. Nitakuja nawe."

Na kesho yake wakaja. Chapchap alisimama upande wa pili wa dirisha, upande wa wagonjwa, na kikopo chake kimeviringishwa gazeti, gazeti limo ndani ya mfuko, mfuko umo ndani ya mkoba. Mama mkwe wake alisimama nyuma yake kama askari. Nilimuuliza habari za choo kwa sauti ya kawaida, kama alivyonifundisha.

Jibu limetoka. Lina damu. Yeye ndiye aliyetaka liandikwe hapa, maana anasema kijarida hiki cha hospitali kitasomwa na watu ambao vikopo vyao vimetiwa chumvi. Tunajua sote, kwa sababu yeye ndiye aliyetuambia siku zote, kwamba damu peke yake si saratani: inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa kinyama kidogo cha kukatwa siku hiyo hiyo. Tunajua, na bado hatulali. Kipimo cha kamera ni Jumatatu, siku yake ya kwanza ya kustaafu. Tangu apewe tarehe amepita mara nyingi chumba cha kamera akiulizia nafasi ya mapema zaidi.

Kwa hiyo, mzee wetu, asante kwa kila mbio, kwa kila aibu uliyoitoa kwenye nyuso za watu, na kwa kutufundisha kazi. Zawadi yako ya Ijumaa si saa ya ukutani. Tumeibandua ile karatasi kwenye mtungi, tumeitia fremu, nawe utaisoma Jumatatu wakati unangoja kuitwa. Hutangoja peke yako. Mama mkwe wako ameshasema benchi la nje ni lake, na sote tusio na zamu tutabanana naye. Tunakutakia maisha mema na marefu. Mara hii moja tu, tafadhali, kaa.