Koti Lisilo na Mfuko: Maisha ya Gudlaug Myklevoll, 1951–2024

Ndugu, majirani wa Storvåg, mliofanya naye kazi hospitalini na mlioshona naye, familia inawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliopita barabara ya Tverrdal ambayo ina barafu tangu Ijumaa. Historia hii marehemu aliipitia mwenyewe mwezi Novemba, akiwa kitandani na kalamu nyekundu, akazifuta sifa nyingi tulizomwandikia sisi watoto wa kaka yake, akaziacha tarehe, na pembeni akaandika kwamba habari ya ile Alhamisi isomwe yote, isipunguzwe hata neno. Yule inayemhusu kuliko wote ameridhia, basi tutaisoma yote.

Gudlaug alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 katika shamba la Tverrdal, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu Anders na marehemu Synneva Tverrdal. Mama yake alikuwa mshonaji wa kijiji, na kabla mtoto hajajua kusoma alikuwa anajua kutunga uzi kwenye sindano, akikaa chini ya meza na kuinyoosha sindano juu kila ilipoitwa, kwa kuwa macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka.

Alisoma shule ya msingi Tverrdal kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha sekondari hapa mjini, na akiwa na miaka kumi na sita alijishonea bunad yake ya kwanza, vazi la sherehe la pwani yetu, kazi ya majira mawili ya baridi. Tarehe 17 Mei 1967, sikukuu ya taifa, watu wakiwa wamepanga mstari nyuma ya bendi, mama mmoja wa kamati ya mavazi alimwinamia, akalifunua pindo la sketi yake mbele ya darasa zima, akasema, "Uzi wa dukani huu, binti, na kijani hiki cha wapi? Hiki si cha kwetu." Gudlaug alibaki amesimama na bendera yake mkononi huku mstari ukiondoka bila yeye, na miaka mingi baadaye alikuwa akisema kwamba siku ile ndipo alipojua hofu inakaa wapi mwilini, kwamba inakaa magotini.

Tangu hapo kila bunad aliyoshona ilikuwa sahihi kwa nje, uzi kwa uzi, rangi kwa rangi, hakuna kamati iliyowahi kuikosoa, lakini ndani, kwenye bitana, mahali ambapo hafunui mtu, alitarizi alichopenda, samaki, feri, majina ya mbwa waliokufa, na alipoanza kazi alitarizi hata chembe za damu, duara ndogo nyekundu, mamia kwa mamia, kama alivyoziona kwenye hadubini.

Kazi hiyo aliisomea katika jiji la Bergen, mwaka 1970 hadi 1973, akafuzu ufundi wa maabara, na tarehe 1 Agosti 1973 aliajiriwa katika maabara ya hospitali ya mji huu, chumba cha damu, alikofanya kazi miaka arobaini na minne na miezi saba. Chini ya koti jeupe alivaa soksi nyekundu na vizibao alivyoshona mwenyewe, na mganga mkuu wa wakati huo alipomsimamisha kwenye korido na kumuuliza, "Gudlaug, hapa ni maabara au ni sikukuu?" mwenzake Oddrun Fagerli alimjibia kutoka ndani, "Daktari, damu yenyewe nyekundu, soksi zimekukosea nini?" Mganga mkuu alicheka, soksi zikabaki.

Tarehe 19 Juni 1976 alifunga ndoa na marehemu Asbjørn Myklevoll, fundi wa injini za feri, mtu mpole aliyekula chakula chake cha jioni miaka thelathini na mitatu akiwa ameweka sahani magotini, kwa sababu meza ilikuwa na kitambaa cha kushonwa. "Nimeoa wanawake wawili," aliwaambia wageni, "mmoja ananuka dawa, mwingine ananichoma pini, na wote wawili hawalali." Mwaka 1979 walijaliwa mtoto wao, Jostein, ambaye yupo hapa nasi.

Sasa tunafika pale alipotuamuru tufike.

Mwaka 1987 Gudlaug alikuwa amepokea bunad tatu za watoto wa kipaimara, zote za mwezi Mei, maana kwetu Mei ndiyo kila kitu, na kwa wiki tano alikuwa akienda kazini saa moja asubuhi baada ya kulala masaa manne au matatu. Moja ya bunad hizo ilikuwa ya Hildegunn Sætre, msichana wa miaka kumi na minne, ambaye Jumatano alianguka kutoka dari ya ghala la nyasi, akalazwa, na Alhamisi tarehe 7 Mei madaktari wakaona bandama yake inavuja na lazima apasuliwe siku ileile.

Gudlaug alipanda wodini kumtoa damu ya kipimo. Kanuni ya kazi yake ilikuwa moja na haikuwa ngumu, kichupa kinaandikwa jina palepale kitandani, kabla mkono haujafanya kitu kingine chochote. Lakini Borghild, mama wa mtoto, alikuwa ameketi pale na woga wake, naye, kama afanyavyo mtu mwenye woga, akashika jambo dogo na kuling'ang'ania. "Afadhali umekuja wewe. Ile mikono ya blauzi bado inambana, Gudlaug, si nilikwambia? Utailegeza? Atapona kabla ya kipaimara, sivyo?" Gudlaug alimwambia atailegeza, akaukadiria kwa macho mkono wa mtoto uliolala juu ya shuka, akafikiria vidole viwili, labda viwili na nusu, na wakati anafikiria hivyo akakitia kichupa mfukoni bila jina. Akavuka korido kwa mzee Peder Rimstad aliyevunjika nyonga, akamtoa damu naye, akakitia kichupa cha pili katika mfuko uleule, na njia nzima ya kushuka alikuwa akishona mkono wa blauzi kichwani. Maabara aliviandika vyote viwili, kwa kukumbuka kipi kilikuwa upande gani.

Damu ya Hildegunn iliandaliwa kwanza kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa hatarini, kundi A kwa mujibu wa kipimo, na saa sita na dakika arobaini chupa ikapelekwa juu. Saa saba na dakika tano Gudlaug alikipima kichupa cha mzee Peder, akapata kundi O, akaandika, akaenda kabatini kutafuta kadi ya zamani ya mzee huyo. Kadi ilikuwa ya mwaka 1979. Ilisema A.

Kundi la damu la mtu halibadiliki, basi vichupa vilikuwa vimebadilishana, na mtoto wa kundi O alikuwa akiingiziwa damu ya A. Gudlaug aliisoma kadi mara ya pili, akaitazama saa ya ukutani, na yale magoti yakamwambia kabla ya kichwa. Alimwambia Oddrun, kwa sauti ambayo Oddrun anasema hakuitambua, "Piga simu chumba cha upasuaji. Waambie wafunge damu. Waambie ni mimi," kisha akatoka mbio. Kutoka maabara hadi chumba cha upasuaji palikuwa na ngazi sitini na nne, alizihesabu siku hiyo na hakuacha kuzihesabu tena maisha yake yote, na anaandika katika daftari lake kwamba alipofika ya arobaini miguu ilikataa, akapanda zilizobaki kwa mikono na magoti, huku akisikia simu ikilia huko juu, inalia, inalia, na hakuna anayeipokea.

Aliusukuma mlango kwa bega na kupiga kelele, "Funga! Fungeni hiyo damu, si yake!" Daktari wa usingizi aliufunga mpira bila kuuliza. Robo ya chupa ilikuwa imeshaingia.

Mkojo wa mtoto ulitoka mweusi kama kahawa, presha ikaanguka, figo zikasimama, na jioni ile alichukuliwa kwa helikopta kwenda Bergen. Kwa siku kumi na moja hakuna aliyejua kama ataishi. Gudlaug alienda kazini siku zote hizo, kwa kuwa alijua kwamba akibaki nyumbani hatarudi tena, lakini hakuwa anakula, na Asbjørn alimkuta sebuleni mbele ya blauzi ile ndogo, ameikunja mikono ya blauzi yenyewe kifuani kama afanyavyo mtu na maiti, akamwambia, "Mke wangu, hajafa. Ikunjue." Siku ya 17 Mei bendi ilipita chini ya dirisha, naye alikaa bafuni hadi ikaisha. Tarehe 18 figo zilianza kufanya kazi.

Uchunguzi ulifanyika mwezi Juni, alieleza kila kitu bila kuulizwa mara mbili, isipokuwa maneno ya Borghild, hayo aliyaacha, akasema tu kwamba mawazo yake yalikuwa kwenye ushonaji. Alipewa onyo la maandishi. Mganga mkuu alimwambia, "Chagua, Gudlaug. Sindano ya kwako au kazi hii. Kichwa ni kimoja." Alijibu kwamba aliwahi kujaribu, akiwa mwanafunzi Bergen, kuishi mwaka mzima bila kushona, na mwaka ule ndipo alipovunja vyombo vya kioo vingi kuliko wanafunzi wote, akaomba apewe mwezi mmoja, na ukiisha wamwambie aondoke wakitaka.

Katika mwezi ule alifanya mambo matatu. Alirudisha kila kazi ya Aprili na Mei ya mwaka uliofuata, na tangu mwaka huo hakushonea mtu mwezi wowote kati ya Machi na Juni, ndiyo maana wengi wenu mlimnunia. Alizishona kwa cherehani midomo ya mifuko yote ya makoti yake meupe, mishono miwili miwili, ili kichupa kisipate mahali pa kukaa ila mkononi, na kabla ya Krismasi wenzake wote wa maabara walikuwa wamemletea makoti yao awashonee vilevile. Na mgonjwa yeyote aliyemuuliza kuhusu pindo au kifungo, alimwinulia kiganja na kusema, "Nikivaa nyeupe sijui kushona." Wengine walidhani anaringa. Alikuwa anaogopa.

Borghild alikuja mwezi Julai, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akasema, "Nipe kitambaa cha mwanangu," akapewa, akaondoka. Mwishoni mwa Agosti alirudi na mfuko uleule, akauweka juu ya meza. "Nimempelekea mwingine. Ameshindwa. Bado inambana, Gudlaug. Maliza." Aliimaliza kwa wiki tatu, akipima kila mshono mara tatu, na Hildegunn aliivaa kwenye kipaimara chake tarehe 27 Septemba 1987, mwembamba, mweupe kama karatasi, mikono ikimtosha.

Aliendelea na kazi zote mbili hadi alipostaafu tarehe 28 Februari 2018. Asbjørn alifariki Novemba 2009, na baada ya hapo alikula chakula chake naye akiweka sahani magotini, ingawa meza ilikuwa tupu.

Machi 2022 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa uboho, mwili wake ukawa hautengenezi damu ya kutosha, na ikabidi aongezwe damu kila baada ya wiki mbili katika hospitali ileile. Tunataka ukweli usikike hapa, alikuwa na hofu kila safari, hofu iliyomtoa jasho, kwa kuwa alijua kuliko yeyote ni nini kinaweza kuwa ndani ya chupa. Alikataa gauni la hospitali, aliketi na kizibao chake na soksi nyekundu, na muuguzi kijana, Siv, alipoipitisha mashine juu ya utepe wa mkononi mwake na kusema, "Tayari Mama Gudlaug, mashine imeshasoma," alimjibu, "Mashine haiogopi, mwanangu. Soma wewe." Siv akasoma jina lote na namba yote, kwa sauti, kila mara, kwa miezi ishirini na mbili.

Wiki ya mwisho hali yake ilibadilika. Hakututambua vizuri, alimshika Jostein mkono wa sweta na kuuliza, "Ya nani hii? Ya nani hii?" huku ngumi yake imefumba kitu ambacho hakikuwapo, na kila jibu tulilompa halikumfaa, tulimwambia hamna kitu mkononi, akazidi kuifumba ngumi, tulimwambia apumzike, akataka kushuka kitandani apande ngazi. Hildegunn Sætre, ambaye leo ana miaka hamsini na ameketi hapa safu ya pili, alikuja Jumamosi mchana na mboga za supu, akamkuta hivyo, akavua koti, akaketi kitandani na kuikunjua ile ngumi kidole kimoja kimoja. "Ni yangu, Gudlaug," akamwambia. "Hildegunn Sætre. Nimeshaiandika jina. Nipe." Gudlaug akampa.

Alifariki Jumapili tarehe 21 Januari 2024, saa tatu na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mtoto mmoja, mkwe na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kuongezewa damu, na Siv kwa sauti yake, wafanyakazi wa maabara, Oddrun Fagerli aliyekuwa rafiki yake tangu siku ya kwanza, majirani waliomsafishia theluji mlangoni, kikundi cha ushonaji, na Hildegunn, kwa kuridhia ile Alhamisi isomwe, na kwa Jumamosi. Baada ya mazishi kutakuwa na kahawa na keki katika ukumbi wa kanisa, karibuni nyote.

Shangazi, damu uliyokuwa umeishika imefika kwa mwenyewe. Shuka ngazi taratibu, pumzika kwa amani.