Salvator Barutwanayo na Mlango wa Ghala la Kahawa

Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa, majirani wa Misunkumilo, ndugu mliotoka Shanwe, Katumba na Kibaoni, mimi naitwa Amosi Lyamba, kaka wa mjane, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu ukoo mzima hauna sauti kama yangu, hata mkizima hiyo spika mtanisikia mpaka stesheni, na kwa sababu yote yaliyomo humu nimeyashuhudia mwenyewe, kwa macho au kwa masikio, na pale ambapo sikuwepo marehemu alinipeleka kwa mdomo wake, tukakaa huko saa nyingi kuliko nilivyotaka. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mkisikia sentensi imepinda, mjue ni kalamu tu.

Marehemu Salvator Barutwanayo alizaliwa tarehe 3 Mei 1964, ng'ambo ya ziwa, katika kilima ambacho tumekubaliana tusikitaje jina, maana watu wa kilima hicho wamo humu leo, na si wote waliokuja kulia. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akamaliza mwaka 1977, akachukuliwa sekondari ya mapadre ambako aliongoza kwa Kifaransa mpaka alipomaliza mwaka 1983, na mwandiko wake nyie wenyewe mmeuona kwenye barua za jumuiya, herufi zimenyooka kama zimepigwa na mashine.

Mwaka 1986 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la kahawa hapo hapo kilimani, kazi yake ikiwa kupima magunia, kuandika, kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Kazi hiyo aliifanya mpaka mwezi wa kumi mwaka 1993. Wazee wa ukoo wamenishauri kwamba nikifika hapa niruke mpaka mwaka 1996, na mmoja alichukua karatasi yangu akaipiga mstari mwekundu. Basi naruka, kwa heshima yao, lakini nitarudi.

Mwaka 1996 marehemu alishuka kwenye treni hapa Mpanda akiwa na shati moja na kamusi ya Kifaransa, akapata kazi ya kuandika zamu kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Shanwe, na hapo ndipo nilipomwona mara ya kwanza, nikamwambia dada yangu kuna mgeni anaongea kama padri na anakula kama askari. Tarehe 12 Septemba 1998 alifunga ndoa takatifu na dada yangu Dafrosa, mimi nikiwa msimamizi, na suti yangu siku ile ilisemwa kuliko ya bwana harusi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kelvin, ambaye ni mwalimu Kibaoni, na Queen, anayesomea uuguzi, na mjukuu mmoja, Recho.

Jambo moja wote mnalijua, mmelicheka miaka yote, nami nimecheka kuwazidi. Nyumba ya marehemu haikuwahi kuwa na kufuli. Mlango ulifungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi ya baiskeli, unauzungusha kwenye msumari, basi, na kuku waliibwa, redio ikaibwa, sufuria la harusi likaibwa, dada yangu akanunua kufuli mara tatu na mara tatu lilipotea, mpaka majirani mkamwita Mzee Mpira. Nilimwambia siku moja, shemeji, wewe una undugu na wezi au vipi, akanijibu, "Amosi, kitu kilichoibwa kinanunuliwa tena." Niliona ni ubahili wa maneno, nikaondoka.

Mwezi wa saba mwaka 2019 walifika hapa mjini wanasheria wa mahakama ya nchi moja ya mbali. Huko walikuwa wamemkamata mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa tarafa upande wa ng'ambo, wakamshitaki kwamba mwezi wa kumi mwaka 1993, katika ghala la kahawa, watu thelathini na wanane waliteketezwa kwa mpango wake, na sheria ya mataifa inasema kosa la namna hiyo haliulizwi mpaka wala pasipoti. Mashahidi walikuwa huku kwetu, kwa hiyo wakakodi ukumbi Shanwe, mimi nikapewa kazi ya kutunza jenereta, kazi nyeti sana, maana jenereta likizima na haki inazima, na kwa kutafuta mtu wa kutoa maneno kutoka Kirundi kuyaleta Kiswahili, wakaelekezwa kwa Salvator. Dada yangu alimuuliza kwa nini amekubali, akasema anajua lugha. Baadaye sana ndipo alipotuambia sababu yenyewe, kwamba alitaka kulisikia jina lake kabla halijafika kwa wengine.

Mchana mmoja wa mapumziko nilimuuliza wakili msaidizi, dada Lidia wa kutoka Dar, huyo mzee wanamfunga kwa lipi wakati hata kiberiti hakushika. Alinijibu kwa upole, akilamba chumvi ya muhindi wa kuchoma. "Baba Amosi, mmoja anapuliza filimbi, mmoja analeta petroli, mmoja anafunga mlango, na mpango ni mmoja. Sheria haihangaiki kumtafuta mwenye kiberiti peke yake. Kila mmoja amewasha."

Nikamwuliza, "Hata wa mlango?"

"Kama alijua kinachokuja, amewasha."

"Na kama hakujua?"

"Hapo ndipo tunapokesha, baba."

Nikacheka, nikamgeukia shemeji nimpe mzaha wa kufuli. Alikuwa anakunja nyaya za vipaza sauti, taratibu, duara juu ya duara, na alipozimaliza alizikunjua akaanza upya.

Tarehe 24 Julai 2019 aliingia shahidi, Bibi Séverine wa Katumba, ambaye siku ile ya ghala alitoka kupitia tundu la chini la kumwagia kahawa, akiwa na mgongo umeungua, na masikio yake tangu siku hiyo hayasikii sawasawa. Kwa sababu hiyo kila swali marehemu alilazimika kuinama na kulisema ndani ya sikio lake la kushoto, karibu hivi, midomo inagusa kitambaa. Bibi hakumtambua. Miaka ishirini na sita ilikuwa imepita, na yule kijana wa ghala hakuwa na ndevu. Mimi Kirundi nakijua, nilikua nikicheza mpira na watoto wa wakimbizi wa Katumba, nikiwa golikipa hodari kuliko wote, na nilisikia kwa masikio yangu Bibi akisema kwa Kirundi chake, mwenye ghala alifunga mlango. Marehemu akasema kwenye kipaza sauti kwa Kiswahili safi, "Mlango ulifungwa." Dada Lidia akaligeuza kwa lugha ya wenzake, wakaliandika, likagongwa mhuri.

Jioni, nikiwa nimempakia kwenye pikipiki, nilimwambia, shemeji, mbona mwenye ghala umemwacha njiani. Akasema, "Nimefupisha." Nikaongeza mwendo. Nilijua neno limeanguka na nilijua limeanguka wapi, nikaona si kazi ya mtu wa jenereta kuokota maneno, na hilo nimelisema mbele ya Baba Paroko na leo nalisema mbele yenu.

Miaka minne ikapita. Tarehe 16 Oktoba 2023 kesi ilisikilizwa kwa njia ya video, Bibi Séverine akakaa tena kwenye ukumbi ule ule, marehemu tena kwenye kiti chake, mimi tena kwenye jenereta, na kwenye kioo akatokea wakili wa mshitakiwa, mtu mpole, miwani mizuri, akasema maelezo ya shahidi hayamtaji aliyefunga, yanasema tu mlango ulifungwa, basi anaomba shahidi aulizwe, je, si inawezekana hofu iliwafanya wao wenyewe wajifungie kwa ndani, na moto ukawa ajali, na kama ni ajali, huo mpango wa mteja wake uko wapi. Marehemu aliinama kwenye sikio la Bibi ili amuulize. Alikaa pale ameinama, mdomo uko wazi, hakuna kilichotoka. Bibi akamwambia, "Sema basi, baba, nakusikiliza." Marehemu akanyanyuka, akavua visikizio vya masikioni, akaviweka mezani, akasema anaumwa, akatoka nje akakaa chini kwenye kokoto.

Nyumbani alituita mimi na dada yangu, akasema mwenye ghala ni yeye, karani aliyeshika ufunguo. Mkuu wa tarafa alimwambia funga, akafunga. Dumu la petroli lilikuwa limewekwa ukutani kabla hajageuza ufunguo, aliliona, alilinusa, na aligeuza. Halafu akatembea mpaka ziwani na ufunguo mfukoni. Dada yangu akasema, "Baba Kelvin, ukisema hayo, watoto wataitwa nani?" Akamjibu, "Nisiposema, yule mama ataitwa mwongo." Dada akamwambia hata yeye ana nyumba ya kulinda, miaka ishirini na mitano amelala kwenye mlango wa mpira bila kuambiwa kwa nini.

Tarehe 6 Novemba 2023, siku ya Jumatatu, nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki mpaka ukumbini Shanwe. Aliposema tu kwamba mwenye ghala ni yeye, Dada Lidia alimkatisha, akamwambia, "Mzee Salvator, kuanzia sentensi hiyo wewe si mkalimani tena, una haki ya wakili, na kitakachoandikwa kinaweza kukufunga pamoja naye." Marehemu akasema anaelewa, kwani maneno hayo ameyatafsiri mara nyingi. Akatoa maelezo kurasa kumi na tisa na kutia sahihi kila ukurasa. Kwa kurasa hizo mlango ule ukaingia kwenye mpango, na Bibi Séverine akatoka kwenye uongo, na shemeji yangu akaingia alipoingia.

Baada ya hapo mmeona wenyewe. Salamu zilipungua. Pale kwenye mashine ya mpunga walimwambia apumzike kwanza. Kuna asubuhi tulikuta kufuli jipya limening'inizwa kwenye msumari wa mlango wake, limefungwa, hakuna aliyesema ni nani, na marehemu hakulitoa, likakaa mpaka likashika kutu. Watu wawili tusiowajua waliegesha gari jeupe ng'ambo ya barabara siku tatu mfululizo, wakanunua maji, wakauliza kama yule mzee wa kahawa bado anaongea. Tulitoa taarifa polisi. Kelvin alitaka kumhamishia Kibaoni, akakataa, akasema mtu wa kumwita asihangaike kumtafuta.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2024 alianza kuvimba miguu, ikagundulika kuwa figo zimechoka, na tarehe 20 Januari 2025 alilazwa. Tarehe 9 Februari, Jumapili baada ya misa, Bibi Séverine alikuja wodini, ameletwa na mjukuu wake, tukasimama wote. Marehemu akamwambia kwa Kirundi, "Niliufunga mimi." Bibi akasema, "Rudia." Akarudia. "Rudia." Akarudia kwa sauti kubwa, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka, na sikujua na sijui mpaka leo kama Bibi hakusikia au alisikia. Akamshika mkono, akaushika muda, akaondoka.

Alipoondoka marehemu aliniita karibu, akaniambia, "Amosi, siku hiyo utasoma wewe, nakujua, utataka wacheke. Wacheke, lakini usifupishe." Ndiyo maana ule mstari mwekundu sikuufuata, na wazee wangu nawaomba radhi. Marehemu aliaga dunia tarehe 11 Februari 2025, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi tisa na siku nane. Hukumu ya yule mwingine, mkuu wa tarafa, haijatoka. Kurasa kumi na tisa zitasomwa huko bila yeye kuwepo, na wakili mwenye miwani ameshaomba zitupwe, eti mtu aliyepindisha neno moja anaweza kupindisha yote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, Baba Paroko aliyekubali kumzika bila kutuuliza maswali ambayo tungeshindwa kuyajibu, wenzake wa mashine ya mpunga waliotuma turubai ingawa wenyewe hawakuja, akina mama wa jumuiya waliopika, jirani yetu mzee Malale aliyekaa na sisi siku zote tatu, na vijana wanne waliochimba kaburi baada ya wengine kumi kukumbuka kwamba wana safari.

Mwisho wa karatasi yangu nimeandika kwamba marehemu apumzike kwa amani. Nilikuwa nataka kulisoma hilo na kukaa. Lakini Bibi Séverine yuko pale mstari wa pili, kitenge cha kijani, mjukuu wake amekuwa akimrudishia kila ninachosema ndani ya sikio la kushoto, na nilipofika kwenye habari ya wodini Bibi alinyanyua kichwa akaniangalia, na bado ananiangalia. Pumzika, shemeji. Ya amani sina mamlaka nayo. Uliniambia nisifupishe, hukuniambia nisiongeze, na nimeongeza moja tu, ule mkono. Bibi hakukushika. Alisimama pale mlangoni, mikono yake ndani ya kitenge, ukasema mara ya tatu, akaondoka.