Usimshike Bila Nguo

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kayole, mlio Jericho, mlio Njiru, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Mzee Gachanja, mwendeshaji bodaboda wa steji ya Njiru. Mzee Gachanja alituacha mwezi wa nne, kwa homa ya mapafu, familia yake ikiwa kando ya kitanda. Nasema kando ya kitanda kwa sababu ndivyo mkewe, Mama Shiro, alivyotaka niseme. "Miaka yote niliogopa barabara itamchukua," aliniambia. "Haikumchukua. Nashukuru Mungu."

Mlimjua. Kofia ya sufu chini ya helmeti, hata jua likiwaka. Mzee wa kanisa, mwimba kwaya, na sauti, tuseme ukweli, haikuwepo. Taa yake ya mbele iliwaka mchana na usiku. Wenzake walibadilisha balbu kila mara, wakilaumu mashimo ya barabara zetu. Yake ilidumu. Wakimuuliza siri, alicheka tu, mchoyo yule!

Sasa sikilizeni. Alipolazwa, alimpa binti yake Shiro ufunguo wa pikipiki. Siku iliyofuata, pumzi zikimwishia, akamshika mkono. Akamwambia: "Usimshike bila nguo. Atakufa." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Usimshike bila nguo. Atakufa. Jamani! Ungekuwa wewe, mke wa mzee wa kanisa, ungefikiria nini? Mama Shiro alifikiria hayo hayo. Ni nani huyo asiye na nguo? Kuna mwanamke mahali? Kuna mtoto? Yeye na Shiro walizika, wakanyamaza, hawakumwambia mtu. Mama Shiro akaigeuza picha ya marehemu ikaangalia ukuta.

"Nilikuwa namlilia, halafu namkasirikia, halafu naona haya kumkasirikia mtu aliyekufa," aliniambia. Nguo za mumewe alizitia kwenye gunia, akakataa kumpa yeyote.

Shiro akaanza kuendesha pikipiki ya baba. Balbu ya mzee ilipoungua, aliweka mpya. Ikaungua. Akaweka nyingine. Ikaungua pia. Jioni moja, Kangundo Road, taa ilimzimikia akiwa amebeba mama na mtoto mchanga. Lori lilikuja mbele yao, halikuwaona. Shiro aliingiza pikipiki majanini. Hawakuumia, ashukuriwe Mungu. Lakini alipofika nyumbani aliapa kwamba balbu ikiungua tena, pikipiki anaiuza.

Asubuhi akaingia kwa Abdijabar, muuza vipuri wa Kayole, rafiki ya babake. Aliingia kwa hasira.

"Abdijabar, balbu zako ni feki! Jana karibu zinimalize!"

"Feki? Babako alinunua hapa hapa, na hakulalamika hata siku moja. Hebu fungua hii tujaribu."

Shiro akafungua boksi. Akaitoa balbu kwa vidole, akaishika kwenye kioo. Abdijabar akaruka.

"Wewe! Usimshike bila nguo! Atakufa!"

Shiro aliketi juu ya matairi. "Umesema nini?"

"Nguo! Kitambaa! Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, balbu ikipata joto, pale pale panaharibika. Inakufa. Babako alikuwa ananiimbia hivyo kila akija. Balbu kwake ilikuwa mtu."

"Funga duka," Shiro akamwambia. "Twende umwambie mamangu."

Abdijabar akafunga duka. Mbele ya Mama Shiro akarudia yote, neno kwa neno. Mama alimtazama.

"Balbu?"

"Balbu, Mama Shiro. Wallahi."

Alicheka mama huyo, akalia, akacheka tena, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu akaenda ukutani, akaigeuza picha. "Baba Shiro," akaiambia, "si ungesema kitambaa!"

Siku hiyo alifungua gunia la nguo. Akatoa shati la kwaya, lile la buluu. Akalikata mkono, akampa Shiro. "Mshike na hii," akasema.

Na mimi, wasikilizaji wapendwa, niliposimuliwa nilihisi kama ni mimi niliyetuliwa mzigo. Mama Shiro mwenyewe ameniomba nisifiche chochote. Anataka mtaa mzima ujue mumewe alikufa akiwaza nini.

Mama Shiro, Shiro, na jamaa wote wa Mzee Gachanja, poleni sana. Mungu aendelee kuwatuliza. Nanyi mlio nyumbani, kama kuna neno la mtu wako limekukaa kooni, muulize akiwa bado yupo. Kama hayupo, waulize aliofanya nao kazi, kabla hujageuza picha yake.

Leo nikija kazini nilimwona Shiro Spine Road. Taa ilikuwa inawaka, mchana kweupe. Kwenye usukani amefunga kitambaa cha buluu, na kifungo cha mkono wa shati bado kipo.