Wajina wa Nani?

Mpaka leo sijui ni nani aliyempa damu mke wa Cheche, na nimeacha kuuliza. Ninachojua ni kwamba alipojifungua, damu yake haikutaka kukatika. Cheche alitoka mbio kutafuta ndugu wa kundi lake la damu, akarudi mikono mitupu, akakuta chupa imeshatundikwa. Muuguzi alisema ni mama mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa wake. Alisikia watu wanahangaika koridoni, akajitolea, akapimwa, akatoa, akachukua chupa yake ya chai akaenda zake. Kijiwe chetu ni ubao uliolala juu ya rimu mbili mbele ya karakana ya Cheche, anakochomelea madirisha, ng'ambo ya geti la hospitali. Siku chache baadaye tulikuwa wanne hapo: Cheche mwenyewe; Redio, aliyestaafu udereva wa malori lakini hajastaafu kusema; Kamusi, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji; na mimi. Birika la kahawa lilikuwa katikati yetu.

— Leo mke wangu anatoka wodini, — akasema Cheche, kinyago cha kuchomelea bado kiko kichwani. — Kasema hatoki mpaka mtoto awe na jina. Na jina liwe asante kwa yule mama. Nisaidieni jamani, mimi najua vyuma tu.

— Umefika kwenyewe, — akasema Redio. — Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu nimeuzunguka na lori. Majina yake ninayo yote.

— Methali hiyo ni ya watoto watundu, — akasema Kamusi.

— Kwani mimi nilikuwa mtulivu? Sikiliza, Cheche. Waturuki wana jina la kike, Yeter. Maana yake "inatosha". Mtu kapata mabinti mpaka kasema basi.

— Huyu ndiye wa kwanza, Redio!

— Kinga ni bora kuliko tiba.

Kamusi akaweka kikombe chini. — Wewe tafuta jina lenye mizizi. Waakan humwita mtoto kwa siku aliyozaliwa. Binti wa Ijumaa ni Afua. Na kwetu afua ni nini? Ni wokovu! Mnaona lugha zinavyopeana mikono?

— Kazaliwa Jumanne, — akasema Cheche.

— Jumanne, Ijumaa, zote zina "juma" ndani yake. Mimi mtu wa herufi bwana, niamini.

— Achana naye, — akadakia Redio. — Mwite Breki. Mama yake alikuwa anateremka mlima, ile damu ndiyo ikamshikia breki.

— Breki! — akasema Kamusi. — Siku akikataa mchumba, mtaa mzima utasema breki zimegoma.

— Akikataa si ndiyo zimefanya kazi?

Cheche alicheka, cheko la kwanza tangu wiki ianze. Nami nikatoa langu, nililowahi kulisoma mahali: Tatenda, jina la Washona, maana yake "tumeshukuru". Cheche akalirudia taratibu. Uso ukamlainika, nikadhani tumemaliza.

Ndipo akatokea mama mkwe wake, amebeba kikapu cha nguo za mtoto zilizopigwa pasi, anaelekea wodini. Tukasimama wote. Cheche akavua kinyago upesi, kama mtu aliyekutwa na kofia mahali pasipostahili.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Haya, jina lipo?

— Lipo, mama. Tatenda. Maana yake tumeshukuru.

— Zuri. Mmemshukuru nani?

— Yule mama aliyetoa damu.

— Anaitwa nani?

Kamusi akachungulia ndani ya kikombe chake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akazimika.

— Hatumjui, mama, — akasema Cheche.

— Basi hicho ndicho kinachomliza mwanangu. Asante anazo tele, hana pa kuzipeleka. Alitaka mtoto apewe jina la mtu yule, ili kila akimwita mwanawe awe amemtaja na yeye. Sasa mtu mwenyewe hana jina kwetu. Mtoto atakuwaje wajina wake?

Cheche akainua kichwa. — Hebu rudia, mama. Atakuwaje nani wake?

— Wajina wake.

— Basi ndilo hilo. Tumwite Wajina.

Redio akawaka tena. — Wajina? Si ndivyo wanavyoitana watu wenye jina moja? Wajina wa nani sasa?

— Wa yule mama. Jina lake silijui, lakini mtoto angepewa jina hilo, wangeitana nini? Wajina. Basi la kuitana tunalo. Hilo jingine abaki nalo mwenyewe.

Kamusi akasema polepole: — Na ukiliita barabarani, mtu hugeuka akidhani kaitwa yeye. Siku moja mama yake atamwita sokoni, na yule mama atageuka.

— Na wengine mia watageuka! — akasema Redio.

— Wageuke, — akasema mama mkwe. — Washukuriwe wote. Mmojawao ndiye.

Ikaamuliwa mtoto aitwe Wajina. Cheche alitaka alipeleke mwenyewe, lakini mikono ilimjaa kutu na macho yalikuwa yamelowa, akaambiwa anawe kwanza, asije kumtia hofu mzazi. Aliyelipeleka ni mama mkwe. Alivuka barabara na kikapu chake, na alipofika getini tukamsikia analijaribu kwa sauti, kama anayeonja chumvi: "Wajina!" Wanawake wawili waliokuwa wakitoka wakageuka. Akawaambia wote wawili asanteni, akaingia ndani.